0.301 mara tatu: Carl Yastrzemski mbele ya wastani wa ligi

Mwaka 1968 Carl Yastrzemski, mpigaji wa timu ya besiboli ya Boston Red Sox, alipiga hiti 162 katika zamu rasmi 539. Gawanya, unapata 0.301. Mwaka 1974 mtu huyohuyo, timu ileile, uwanja uleule wa Fenway Park, alipiga hiti 155 katika zamu 515. Gawanya tena: 0.301.

Msimu wa 1968 ulimpa taji la upigaji, yaani la mwenye wastani mkubwa kuliko wote, la American League, moja ya ligi kuu mbili za Marekani. Ule wa 1974 ulimwacha pointi 63 nyuma ya Rod Carew wa Minnesota Twins, aliyemaliza na 0.364. (Wapenzi wa besiboli wakisema pointi wana maana ya sehemu moja ya elfu, 0.301 wao huisoma "mia tatu na moja".) Namba ni moja, ila mara ya kwanza ilitosha kumfanya bingwa, na mara ya pili haikumsogeza hata karibu na ubingwa.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu kinatatua mgogoro wa muda mrefu kuhusu mchezaji huyu. Yastrzemski, ambaye mashabiki walizoea kumwita Yaz, alistaafu mwaka 1983 baada ya misimu 23 akiwa na wastani wa 0.285. Wakati huo, miongoni mwa wapigaji wote waliokuwa wamefikisha hiti 3,000, hakuna aliyekuwa na wastani mdogo kuliko wake. Tena alikuwa amerithi nafasi ya Ted Williams, aliyestaafu mwaka 1960 na wastani wa 0.344, kwa hiyo tangu siku ya kwanza kushoto mwa uwanja wa Boston alipimwa kwa kivuli cha mtu mwingine. Ndipo likazaliwa lile neno kwamba Yaz alikuwa mvumilivu kuliko alivyokuwa hodari, kwamba alikusanya hiti zake kwa kukaa sana. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Lakini si pale wasemaji wanapoutafuta.

Kwa ambaye hajauzoea mchezo huu: wastani wa kupiga ni hiti gawanya kwa zamu rasmi. Hiti ni mpira uliopigwa ukamfikisha mpigaji kwenye besi (kituo anachokimbilia) bila msaada wa kosa la walinzi. Akirushiwa mipira minne mibaya anatembea bure hadi besi ya kwanza, na zamu hiyo haiingii kwenye hesabu. Likumbuke hilo la kutembea bure, nitalirudia.

Sasa tuanze na 1968. Msimu ule American League nzima, wapigaji wote wa timu zote kumi, ilipiga 0.230. New York Yankees walipiga 0.214, na bado walishinda michezo 83 na kupoteza 79, maana wapinzani wao nao walikuwa hawapigi. Mrushaji Denny McLain wa Detroit alishinda michezo 31. Luis Tiant wa Cleveland aliruhusu mikimbio (mabao ya besiboli) 1.60 tu kwa kila awamu tisa, yaani mchezo mzima. Kwenye ligi ya pili, National League, Bob Gibson wa St. Louis alishuka hadi 1.12. Warushaji walikuwa wameishika shingo ya mchezo, na chanzo kinajulikana. Tangu 1963 eneo la straiki, lile ambalo mpira ukipita huhesabiwa mzuri hata mpigaji asipoupiga, lilikuwa limepanuliwa hadi juu ya mabega, na tuta analosimama mrushaji lilikuwa na kimo cha inchi 15, karibu sentimita 38, kwa hiyo mpira ulimshukia mpigaji kama unatoka darini.

Katika hali hiyo mtu mmoja tu wa American League alivuka 0.300, naye ni Yaz. Aliyemfuata, Danny Cater wa Oakland, alimaliza na 0.290. Hebu tazama jinsi alivyoponea: ukimnyima Yaz hiti moja tu kati ya zile 162, anabaki na 161 kwa 539, yaani 0.299. Bado angekuwa bingwa, ila bingwa wa ligi kubwa aliyeko chini ya mia tatu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Hata hivyo 0.301 imebaki kuwa wastani mdogo kuliko wote uliowahi kutwaa taji katika ligi hizo mbili, na ndiyo maana hutajwa mara nyingi kwa sauti ya kuomba radhi. Mimi sioni cha kuombewa radhi. Mpigaji wa kawaida wa ligi, akipewa zamu zile 539, angepata hiti 124. Yaz alipata 162. Ziada ya 38.

Mwaka 1974 mambo yalikuwa yamebadilika. Tuta lilikuwa limeshushwa hadi inchi 10 kuanzia 1969, eneo la straiki likarudishwa chini, na ligi ikapiga 0.258. Mpigaji wa kawaida kwa zamu 515 angepata hiti 133. Yaz alipata 155. Ziada ya 22.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya zile 0.301 mbili: hiti 16. Ukitaka kwa uwiano, mwaka 1968 alipiga mara 1.31 ya ligi yake, na mwaka 1974 mara 1.17. Ule wa kwanza ukiuhamishia katika ligi ya 1974 unakuwa kama 0.338. Carew bado angemshinda, tena kwa nafasi nzuri, na sina haja ya kulificha hilo.

Mfano unaopendwa zaidi wa hesabu hii ni kumweka Yaz wa 1968 kando ya Bill Terry wa New York Giants, aliyepiga 0.401 mwaka 1930, mtu wa mwisho wa National League kufika mia nne. Kwa macho matupu ni pengo la pointi mia. Lakini National League ya 1930 ilipiga 0.303, ligi nzima, kwa hiyo bingwa wa 1968 asingefikia hata wastani wa mwaka ule. Philadelphia Phillies walipiga 0.315 kama timu, wakashika mkia na kupoteza michezo 102, kwa kuwa warushaji wao walikuwa wakipigwa zaidi ya walivyopiga wenzao. Gawa 0.401 kwa 0.303 unapata 1.32. Yaz alikuwa na 1.31. Pengo la pointi mia limeyeyuka likabaki uzi.

Wengi huishia hapo wakaridhika. Mimi nadhani hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu wastani wa ligi nao ni chungu, na inafaa kukifunua kuona kilichopikwa ndani.

Katika 0.230 ya mwaka 1968 wamo warushaji. Enzi hizo mrushaji naye alishika zamu yake ya kupiga, na wengi wao walikuwa wapigaji dhaifu mno. Mwaka 1973 American League ikaleta mpigaji mteule, mtu anayepiga badala ya mrushaji na kazi yake ni hiyo tu. Tazama kilichotokea: 1972 ligi ilipiga 0.239, 1973 ikapiga 0.259. Pointi 20 kwa mwaka mmoja! Sehemu ya kupanda huko haikuletwa na mpigaji yeyote kuongeza ustadi. Watu dhaifu waliondolewa kwenye foleni, basi. Kwa hiyo nilipomlinganisha Yaz wa 1968 na ligi yenye warushaji, kisha Yaz wa 1974 na ligi isiyo nao, nilimpendelea yule wa kwanza.

Nilimpendelea kwa kiasi gani? Hapa naingiza makadirio yangu, na msomaji ayachukue hivyo. Tuseme warushaji walishika asilimia 7 ya zamu zote na walipiga 0.140. Ukiwatoa, waliobaki wanakuwa na 0.237. Uwiano wa Yaz unashuka kutoka 1.31 hadi 1.27, na ziada yake inashuka kutoka hiti 38 hadi 34 hivi. Bado iko mbali juu ya 22 za 1974. Hukumu haibadiliki, ila imenyooka zaidi, na nina imani nayo kuliko nilivyokuwa nayo mwanzo.

Basi nikachukua misimu yote 23. Nilipanga zamu zake za kila mwaka, nikazizidisha kwa wastani wa American League wa mwaka uleule, nikajumlisha. Hii ndiyo njia iliyo sawa. Kujumlisha wastani wa ligi wa kila mwaka na kugawa kwa 23 ni kosa, maana mwaka aliopiga zamu 646 (1962) hauwezi kupewa uzito sawa na mwaka aliopiga 338 (1981, msimu uliokatwa na mgomo wa wachezaji). Jawabu: ligi, kwa zamu zake 11,988, ingepata hiti kama 3,026, sawa na 0.252. Yeye alipata 3,419. Ziada ni 393, na uwiano ni 1.13. Ukitoa warushaji wa misimu kumi na miwili ya mwanzo kwa makadirio yaleyale, ziada inabaki kama 345.

Lakini jumla hiyo inaficha jambo lililonishangaza nilipoanza kuikata vipande.

Chukua misimu minane, 1963 hadi 1970. Humo zimo tuzo zake zote tatu za ubingwa wa kupiga: 1963 kwa 0.321, 1967 kwa 0.326, na ile ya 1968. Umo pia mwaka 1970 alipopiga 0.329 akalikosa taji kwa unywele, Alex Johnson akiwa naye kwenye 0.329 ileile hadi ilipobidi kusoma tarakimu ya nne. Jumlisha hiti za misimu hiyo minane: 1,357 kwa zamu 4,512. Nimegawa mara mbili kuhakikisha. Ni 0.301.

Ndiyo 0.301 ya tatu, na ndiyo ninayoitaka mtu aikariri akitaka kumjua Yaz. Ligi katika misimu hiyo, ukiipima kwa zamu zake, ilipiga 0.242. Ziada ni hiti 264, yaani thuluthi mbili ya ziada yote ya maisha yake, katika thuluthi moja ya misimu. Kwa bahati yake mbaya, miaka aliyokuwa mkali kabisa iliangukia hasa ndani ya kipindi cha ukame: eneo la straiki lilipanuliwa mwaka wa taji lake la kwanza, likapunguzwa mwaka mmoja baada ya taji lake la mwisho. Mvua iliponyesha, naye alikuwa ameanza kuzeeka. Mchezaji aliyekomaa miaka kumi baadaye, mwenye ustadi uleule na uwiano uleule wa 1.24, angepiga kama 0.320 kwa ligi ya miaka ya sabini katikati, na hakuna ambaye angemwita mvumilivu.

Kuna upande wa pili wa sarafu ambao mpenzi wa Yaz hana budi kuutazama, nao ni uwanja. Wastani wa ligi ni wa viwanja vyote. Yeye alicheza nusu ya michezo yake Fenway Park, ambako upande wa kushoto kuna ukuta wenye kimo cha mita 11, na mita 94 tu kutoka kwa mpigaji kwenye mstari. Mpira wa juu ambao kwingine ungedakwa na mlinzi kwa raha, pale unagonga ukuta na kurudi chini, na mpigaji anafika besi ya pili. Yaz alipiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo ukuta haukuwa upande wake wa asili. Alijifunza kuusukuma mpira upande wa pili ili autumie. Takwimu zinaonyesha: nyumbani alipiga 0.306, ugenini 0.264.

Wapo wanaoishika hiyo 0.264 na kusema "huyu ndiye Yaz wa kweli." Hapana. Wapigaji kwa jumla hupiga vizuri zaidi nyumbani, kokote kuliko nyumbani kwao. Huwezi kumpima mtu kwa michezo yake ya ugenini peke yake dhidi ya wastani wa ligi wenye michezo ya nyumbani na ugenini pamoja. Kinachopaswa kukatwa ni kile kinachotokana na Fenway kama Fenway, si faraja ya kulala kwenye kitanda chako. Na kujifunza kuutumia ukuta ni ustadi. Wapigaji wengi wa mkono wa kushoto walipita Boston na ukuta uleule ukawa pambo tu.

Kipimo kinachofanya ukataji huo ni OPS+. Huchukua kiwango cha kufika besini, pamoja na wastani wa nguvu ambapo kila hiti huhesabiwa kwa idadi ya besi ilizozaa, kikavilinganisha na ligi bila warushaji na kurekebisha kwa uwanja. Mia moja ni mchezaji wa kawaida. Mwaka 1968 Yaz alifika besini kwa 0.426 wakati ligi ilikuwa 0.297, na nguvu yake ilikuwa 0.495 wakati ligi ilikuwa 0.339. Ukilinganisha kienyeji bila kurekebisha chochote unapata 189. Kipimo chenyewe kinampa takriban 170. Zile pointi 19 zilizopotea njiani ni warushaji na Fenway wakilipwa haki yao. Nashauri anayejifunza mambo haya afanye hesabu hii mwenyewe mara moja, kwa mkono, aone wastani wa ligi unavyoweza kukudanganya huku ukikusaidia.

Ila angalia ile 0.426. Mwaka huo Yaz alitembea bure mara 119, nyingi kuliko yeyote katika ligi yake, na taji la upigaji halikumhesabia hata moja. Kwa upande wa kufika besini alikuwa mara 1.43 ya ligi. Terry wa 1930, kwa 0.452 dhidi ya 0.360, alikuwa mara 1.26. Kwa hesabu ya hiti walikuwa sawa, kwa hesabu ya kufika besini bingwa wa "aibu" anamwacha mbali yule wa mia nne. Na mwaka 1969, ligi ilipofunguka, Yaz alipiga 0.255 tu, karibu na wastani wa ligi wa 0.246, watu wakasema amekwisha. Msimu huohuo alikuwa na homurani 40 (mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja) na matembezi ya bure 101. Mtu huyo hakuwa amekwisha.

Kwa maisha yote OPS+ yake ni 130: asilimia 30 juu ya mchezaji wa kawaida, baada ya Fenway kukatwa na warushaji kutolewa, kwa miaka 23. Ukumbi wa Mashuhuri wa besiboli, ulioko Cooperstown, ulimpokea mwaka 1989, mara ya kwanza jina lake lilipopigiwa kura.

Sasa lile neno la uvumilivu. Nilisema lina ukweli, na huu hapa. Hadi mwisho wa 1978 Yaz alikuwa na hiti 2,869 kwa zamu 9,929, wastani wa 0.289, na ziada juu ya ligi ilikuwa 390. Alikuwa na umri wa miaka 39. Akaendelea kwa misimu mitano zaidi. Mwaka 1979 alipiga 0.270, na ligi 0.270, ndio msimu aliofikisha hiti ya 3,000, mtu wa kwanza wa American League kuwa na 3,000 pamoja na homurani 400. Mwaka 1981 alishuka hadi 0.246, chini ya ligi iliyopiga 0.256, msimu pekee kati ya 23 aliokuwa chini. Mwaka 1983, akitimiza miaka 44, alipiga hiti 101 kwa zamu 380, yaani 0.266, na ligi ilipiga 0.266.

Misimu hiyo mitano ilimwongezea hiti 550. Ziada yake juu ya ligi ilipanda kutoka 390 hadi 393.